Nani Alipanga Bei ya Tambarare za Machakos?

Barabara zote tunazozijua sisi Wapwani kwenda bara huishia mahali pamoja. Ukitoka Mombasa kwa basi la usiku au kwa Madaraka Express, ukishapita Mtito Andei na Emali, nchi hufunguka ikawa wazi na tambarare. Nyasi upande huu na upande huu, vilima vya Lukenya mbele, na ukiwa na bahati utaona pundamilia kabla ya kuona mabango ya ploti. Hizo ni tambarare za Athi-Kapiti, na kipande chake kikubwa kimo kaunti ya Machakos. Abiria wengi huwa wamelala wakati huo, na wenye macho huwa wanatafuta mizigo yao.

Mimi nataka tupaangalie mahali hapo, kwa sababu ndipo panapoamuliwa mambo ambayo baadaye hutufikia huku chini kwa sura ya tozo, ya reli, ya tembo shambani. Na huamuliwa kwa kifaa ambacho wengi wetu hatujawahi kuelezwa: ramani ya gharama, inayochorwa kwa mfumo wa taarifa za kijiografia, GIS kwa ufupi.

Nianze na bahari, maana sisi tunaielewa zaidi. Nahodha anayetoka Lamu kuja Mombasa hapigi mstari ulionyooka. Ramani ya karatasi ingesema njia fupi ni hii, lakini yeye anajua hapa pana mwamba, pale pana fungu linalotokea maji yakikupwa, kule mkondo unakwenda kinyume, na kusi ikivuma njia ya jana haifai leo. Kila kipande cha bahari kichwani mwake kina bei yake. Maji mengi na upepo mzuri ni bei ndogo, mwamba ni bei isiyolipika. Anachofanya ni kutafuta njia ambayo ukijumlisha bei zote unapata jumla ndogo kabisa, hata kama ni ndefu.

Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Nchi hukatwakatwa kuwa vyumba vya mraba, kama karatasi ya hesabu ya watoto wa shule. Data ya urefu wa ardhi inayopatikana bure, iliyopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, ina vyumba vya mita 30 kwa 30. Kila chumba hupewa namba: mteremko ni mkali kiasi gani, kuna mto, kuna nyumba, ni msitu, ni mbuga, ardhi yake inauzwaje. Namba hizo hupewa uzito, zikachanganywa, na chumba kikabaki na bei moja. Halafu programu huanza mahali pa kutokea na kujumlisha chumba hadi chumba mpaka mahali pa kufika. Njia ya hesabu hiyo aliitoa Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959, na ndiyo msingi wa simu yako inapokuonyesha njia ya kukwepa foleni ya Changamwe.

Tuchukue mfano mdogo. Njia moja inapita vyumba 10 vyenye bei ya 8 kila kimoja: jumla 80, na urefu wake ni mita 300. Njia ya pili inazunguka vyumba 25 vyenye bei ya 2: jumla 50, na urefu mita 750. Kompyuta itachagua kuzunguka. Sasa mtu akija akasema wale 8 ni wengi mno, tuwape 4, njia ya kwanza inakuwa 40, na mstari unahama papo hapo. Nchi haijabadilika hata jiwe. Kilichobadilika ni namba aliyoandika mtu mmoja mezani.

Hapo ndipo penye siasa, na ndipo ninapotaka tukae.

Hesabu hizi zilikuwako kabla ya kompyuta. Misafara ya wazee wetu iliyotoka Rabai kuingia bara karne ya 19 ilikuwa na ramani zake za gharama, ila bei kubwa wakati huo ilikuwa maji. Nyika ya Taru ilikatwa kwa mwendo wa kasi kwa sababu haikuwa na kitu cha kunywa. Baada yake safari ilipangwa kwa visima na mito: Maungu, Voi, Tsavo, Kibwezi, kisha kupanda vilima vya Ulu, yaani Machakos yenyewe, ambako Wakamba walikuwa na chakula cha kuuza. Mpagazi mwenye mzigo kichwani hakuogopa kilima ikiwa juu yake kuna mtama na maji. Kwa hiyo Machakos ikawa kituo kikubwa, na Waingereza walipokuja waliweka ngome na ofisi zao papo hapo.

Kisha ikaja reli. Garimoshi halina njaa ya mtama, na kilima kwake ni ghali kuliko kitu chochote. Wajenzi walioanza Mombasa mwaka 1896 waliviacha vilima vya Machakos upande mmoja wakafuata tambarare ya Kapiti na Athi. Mwaka 1899 reli ikafika Nairobi, palipokuwa na maji na kinamasi tu, na mwaka huo huo John Ainsworth akahamisha makao ya utawala kutoka Machakos akayapeleka huko. Mji uliokuwa mkubwa ukabaki kando kwa sababu bei ya mteremko ilibadilika. Wakamba wana simulizi ya Syokimau, mtabiri wa kike wa huko huko Machakos, aliyeona nyoka mrefu akitambaa kutoka bahari moja kwenda nyingine. Leo jina lake limekuwa jina la mtaa, na stesheni kuu ya SGR imekaa hapo hapo Syokimau, mpakani mwa Nairobi na Machakos. Sijui kama alitabiri pia bei ya nyumba za huko.

Sasa tuje kwa wanyama. Tambarare ninazozitaja zilikuwa njia ya nyumbu na pundamilia wanaoingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakati wa kiangazi na kutoka mvua ikinyesha. Mbuga yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na mnyama wa kuhama hawezi kuishi humo mwaka mzima. Hesabu za serikali zilizofanywa kwa ndege zilionyesha nyumbu karibu 30,000 katika mfumo wa Athi na Kaputiei mwaka 1978. Miongo mitatu baadaye walikuwa wamebaki elfu chache. Hawakufa kwa ugonjwa mmoja wala ujangili peke yake. Walikatiwa njia.

Watu wa uhifadhi nao wana ramani ya gharama. Badala ya kuuliza barabara itagharimu shilingi ngapi, wao huuliza mnyama atagharimika nini akipita hapa: nguvu, hofu, hatari ya kufa. Mwaka 2006 Jake Wall, Iain Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath walichapisha utafiti wa tembo wa kaskazini mwa Kenya waliovishwa kola za GPS, wakaonyesha kwamba tembo hukwepa kupanda milima hata midogo, kwa sababu mwili mkubwa hivyo hulipa sana kwa kila mita ya kwenda juu. Tembo, kwa maneno mengine, anapiga hesabu ile ile ya mhandisi wa reli.

Na hapo ndipo mgongano ulipo, jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Ukiweka ramani ya mhandisi na ramani ya nyumbu juu ya meza moja, zote mbili zitaonyesha kwamba mahali rahisi pa kupita ni pale pale: penye tambarare, pasipo na mto wa kuvuka, pasipo na nyumba. Ongeza ramani ya tatu, ya mtu wa ploti za hamsini kwa mia, naye anataka ardhi kavu iliyo tambarare karibu na lami. Watatu hao wanagombea chumba kimoja, na mmoja wao hana hati wala wakili.

Tumeona matokeo. Barabara ya Mombasa imekuwapo, ikaja SGR iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, vikaja viwanda vya saruji na mageti ya mitaa ya Mavoko, likaja wazo la mji wa teknolojia wa Konza uliozinduliwa Januari 2013 kwenye ekari 5,000 zilizokuwa ranchi ya Malili. Kila kimoja kina ripoti yake ya athari kwa mazingira, kama sheria ya mwaka 1999 inavyotaka. Kila kimoja kikipimwa peke yake hakionekani kuwa kizuizi kikubwa. Lakini mnyama hapiti mradi mmoja, anapita yote. Ua mmoja humzungusha, wa pili humchosha, wa tatu humrudisha alikotoka.

Kuna kitu kingine kinachoponyoka kwenye kompyuta: waya. Picha za setilaiti zinazotumika sana katika kazi hizi zina vyumba vya mita 10 au 30. Ua wa seng'enge hauonekani humo. Ramani itasema hapa ni nyasi, bei ni 1, pita. Nyumbu akifika anakuta nguzo na nyaya tano. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI waliligundua hilo mapema katika tambarare za Kitengela, ng'ambo ya pili upande wa Kajiado, na mwaka 2004 wakashirikiana na wenyeji kuzunguka kwa miguu na vifaa vya GPS wakipima ua mmoja baada ya mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya maana, na haifanyiki ofisini. ILRI wenyewe wana shamba la utafiti la Kapiti, ndani ya Machakos, lenye takriban hekta 13,000, ambamo ng'ombe na wanyamapori huchunga pamoja. Pamoja na mashamba makubwa ya upande wa Lukenya kama Swara Plains, hapo ndipo pamebaki pumzi ya tambarare hii.

Upande wa vilima kuna kosa la namna nyingine. Ramani ya mteremko ikiangalia Iveti na Mua huona ardhi kali, ya bei kubwa kwa barabara. Haioni matuta yaliyochimbwa na vikundi vya kina mama wa Kikamba, kizazi baada ya kizazi, yakageuza miteremko iliyokuwa imekwisha kwa mmomonyoko ikawa mashamba. Mwenye kupanga uzito akiyaita hayo "kilimo kidogo" na kuyapa namba moja na kichaka, amefuta jasho la miaka mingi kwa kubonyeza mara moja.

Msomaji wa Likoni au wa Malindi ataniuliza: haya yatuhusu nini? Waacheni watu wa bara na nyumbu wao.

Yatuhusu, kwanza, kwa sababu mstari ukianza Machakos huteremka mpaka kwetu. SGR ilichorwa kando ya reli na barabara ya zamani, ikapita katikati ya Tsavo, penye tembo zaidi ya 12,000 kwa hesabu ya mwaka 2017. Baadaye, awamu ya pili ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa Oktoba 2019, ikapita juu ya Mbuga ya Nairobi kwa daraja la zaidi ya kilomita sita. Miongoni mwa hoja zilizotolewa kuitetea njia hiyo ni kwamba kuipitisha mitaani kungegharimu fidia kubwa mno. Itafsiri hoja hiyo kwa lugha ya vyumba: nyumba za watu 100, mbuga 5. Kompyuta haikufanya kosa lolote. Iliambiwa mbuga ni rahisi kwa sababu mbuga haina mtu wa kulipwa, ikatii.

Ardhi isiyo na hati hupata bei hiyo hiyo. Na hapo Wapwani tunajijua. Ni sehemu gani ya Kenya yenye wanakijiji wengi waliokaa vizazi na vizazi juu ya ardhi isiyokuwa na karatasi? Katika ramani ambayo bei ya chumba hutokana na fidia itakayodaiwa mahakamani, kijiji cha maskwota cha Kilifi au Kwale ni kama maji mengi mbele ya nahodha. Mstari utakipenda.

Tsavo walijitahidi. Chini ya tuta la SGR viliwekwa vivuko maalumu vya wanyama, mbali na madaraja na makalvati, na Machi 2016 Save the Elephants na KWS walivisha tembo 10 kola ili waone watavukaje. Tembo walijifunza kuvitumia, zaidi usiku, wakati watu wametulia. Nalisifu hilo. Lakini tembo akitoka kwenye kivuko cha reli anakutana na barabara kuu ya Mombasa, ambayo inakwenda sambamba nayo, na barabara haina kivuko. Malori nayo hayalali. Ramani moja ilichorwa kwa reli, nyingine haikuchorwa kabisa kwa barabara, na kati ya hizo mbili kuna mnyama wa tani tano na dereva wa Mariakani ambaye hakumwona gizani.

Sasa tangu mwaka 2024 linazungumzwa pendekezo la barabara mpya ya kulipia kati ya Nairobi na Mombasa, ile ya Usahihi, ya kampuni ya Kimarekani ya Everstrong Capital: takriban kilomita 440, kwa makadirio ya dola bilioni 3.6. Barabara ya mwendo wa kasi huwekewa ua, na hilo ni sawa kwa usalama wa abiria. Lakini ua wa kilomita mia nne na ushei kutoka Mavoko hadi Mazeras ni ukuta, na mahali pa kuweka matundu katika ukuta huamuliwa mapema, kwenye ramani, kabla ya trekta la kwanza. Kuyaongeza baadaye ni ghali mno, na kwa kawaida hayaongezwi.

Na hatujasahau somo la mwaka 2019, pale amri ilipotoka kwamba mizigo yote ipande SGR mpaka Nairobi. Mabohari ya Mombasa yakafunga, madereva wakakaa, hoteli za Mtito Andei na Salama zikakosa wateja, watu wakaandamana. Mpaka Septemba 2022 ndipo serikali mpya ilipotangaza kurudisha shughuli hizo bandarini. Katika ramani iliyohalalisha reli ile, riziki ya mji haikuwa hata tabaka moja.

Kuna wanaosema dawa ni kuachana na kompyuta, wazee wakae chini ya mwembe waamue. Mimi sikubaliani nao. Ramani ya gharama ni kifaa kizuri kuliko vingi tulivyonavyo, kwa sababu inamlazimisha mpangaji kuandika namba. Mwanasiasa akisema "tumezingatia mazingira" huwezi kumshika popote. Jedwali likisema mbuga 5, mkoko 3, msikiti 100, unamshika. Tena kifaa chenyewe si siri ya wakubwa: QGIS ni programu ya bure, data ya mteremko ni ya bure, na kijana aliyesoma upimaji Mombasa au Machakos anaweza kurudia hesabu ya mshauri wa mamilioni akaona kama mstari unasimama pale pale uzito ukibadilishwa kidogo. Mstari unaohama kilomita kumi kwa sababu namba moja imetoka 4 kwenda 5 ni wa kuutilia shaka, hata ukichorwa kwa rangi nzuri.

Njia ya mnyama, tena, haifai kuchorwa kama uzi. Ile njia moja nafuu kuliko zote ina upana wa chumba kimoja, na mtu mmoja akijenga choo juu yake imekwisha. Wataalamu huchukua gharama ya kutoka upande wa kwanza, wakajumlisha na ya kutoka upande wa pili, wakapata utepe mpana wa njia zinazokaribiana. Wengine hufuata wazo la marehemu Brad McRae, aliyeichukulia nchi kama waya za umeme: mkondo hugawanyika ukapita kila upenyo, na pale unapobanwa panaonekana wazi kwamba pakizibwa hakuna kwingine. Sehemu kama hizo zilizobanwa ndizo za kulipiwa leo. Ripoti ya serikali ya mwaka 2017 kuhusu njia za kuhama za wanyamapori, ambayo inaingia hata nchi kavu ya Pwani, ilitaja zaidi ya mia moja.

Kulipia si ndoto. Kuanzia mwaka 2000 wenye mashamba wa Kitengela walilipwa takriban dola nne kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua. Ilisaidia familia kulipa karo, kisha bei ya ploti ikapanda mpaka dola nne zikawa mzaha. Kwetu Kwale, miaka ya 1990, wakulima wa Kiduruma na Kidigo walitoa mashamba yao yakawa hifadhi ya tembo ya Mwaluganje, kati ya Shimba Hills na msitu wa upande wa pili, kwa ahadi ya kugawana mapato ya watalii. Watalii walipopungua, mgao ukapungua, tembo wakabaki na hamu yao ile ile ya mahindi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya aliyeuawa na tembo ilipwe shilingi milioni tano, lakini muulize mtu wa Taita Taveta imechukua miaka mingapi.

Kwa hiyo mikutano ya maoni ya wananchi itakapoitwa, Mavoko, Voi au Mariakani, soda na kofia zikigawiwa, liko jambo moja la kuomba kabla ya mtu hajaanza kuonyesha picha za madaraja. Tuonyeshwe jedwali la uzito: kila tabaka, namba yake, na aliyeiweka. Ardhi isiyo na hati ilipewa ngapi? Ua ulipimwa kwa miguu au ulidhaniwa kutoka angani, na mwaka gani? Picha ya Athi River ya miaka mitano iliyopita ni picha ya mji mwingine kabisa. Na kama mshauri atasema jedwali ni siri ya kampuni, hilo nalo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la aliyelisema.